TAHARIRI: WAJIR NAYO NI KENYA

Mkazi wa Wajir afungapo safari ya Nairobi, huaga kwa kusema anakwenda Kenya. Wapo wanaolicheka neno hilo. Sisi hatulicheki, kwani halikuzuliwa kwa mzaha.

Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 uliagiza fedha za maendeleo zielekezwe penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Penye kitu pakaongezwa kitu. Kaskazini Mashariki, iliyotawaliwa kwa sheria za hali ya hatari tangu 1963 hadi 1991, ilijua vizuizi vya askari kabla ya kuijua lami. Ya Wagalla, Februari 1984, wasomaji wetu wanayafahamu.

Katiba ya 2010 ilileta ugatuzi, na tangu 2013 Wajir ina gavana na bunge lake. Twashukuru. Lakini kaunti isiyo na mji imara ni boma lisilo na kisima. Mfugaji wa Buna au Griftu hahitaji Nairobi ya pili. Ahitaji mji wa karibu wenye soko la mifugo, machinjio safi na hospitali yenye daktari. Mji wa Wajir, wenye watu zaidi ya 80,000, umekaa juu ya maji yaliyo karibu mno na uso wa ardhi. Neema hiyo ndiyo balaa yake: choo cha shimo huchafua kisima cha jirani, ndiyo maana kwa miaka mingi wakazi walitumia vyoo vya ndoo. Aibu hiyo haikuwa yao.

Wala si mji wa kuhurumiwa tu. Vita vya koo vilipoutikisa, wanawake wa sokoni, wakiwa na marehemu Dekha Ibrahim Abdi, walianza upatanisho mwaka 1993 bila kungoja amri ya mkuu wa wilaya.

Twadai bodi ya manispaa ipewe bajeti yake, isigeuzwe kapu la ukoo. Na Wajir isiwafanyie Habaswein na Eldas yale iliyofanyiwa na Nairobi. Twadai pia Mfuko wa Usawazishaji wa Ibara ya 204, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa, utolewe wote, kwani hadi sasa umetoka kwa kuchelewa na kwa vipande.

Mfuko huo ulipewa miaka 20 tu, nayo yakoma 2030. Kuuongezea muda kwahitaji zaidi ya nusu ya Bunge la Taifa na zaidi ya nusu ya kaunti katika Seneti. Kura za Wajir pekee hazitoshi. Ndugu zetu wa makanisa mlioko Nyeri, Kisumu na Machakos, mwulizeni mbunge wenu mapema atapigaje kura.