Mashauri kwa Wazazi: Mbona Wamemtoa Mtoto Damu?

Jioni moja baba mmoja wa mtaa wetu alifika mlangoni petu akiwa na hasira. Mkewe alikuwa amejifungua siku tatu kabla, na tangu kuzaliwa mtoto alikuwa akipumua mbio mbio na kuguna kila alipotoa pumzi. Hospitalini walimtoa damu, wakampiga sindano za aina mbili, wakamtia oksijeni puani. Kesho yake wakamtoa damu tena. Na siku ile ya tatu muuguzi alikuwa amesema: sindano basi.

«Mwalimu,» akatuambia, «damu ya mwanangu wameichukua mara mbili, na sasa wananinyima dawa. Nikopeshe pesa, nikanunue ampisilini sokoni. Yuko jirani anayejua kupiga sindano.»

Twakiri kwamba tulikuwa tumekwisha kutia mkono mfukoni. Nani atamnyima baba pesa ya dawa ya mtoto? Lakini tulimwomba turudi kwanza pamoja naye hospitalini tukaulize. Yale tuliyoelezwa usiku ule, pamoja na mengine tuliyosoma baadaye, ndiyo twawaandikia leo.

Tuanze na damu yenyewe, maana wengi huiogopa. Manyanya husema kitoto hakina damu, nao wauguzi waimaliza. Wengine hunong'ona kwamba huuzwa. Ninyi wanafunzi, shikeni kalamu. Mtoto mchanga ana damu kama mililita 80 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 3, basi, anazo 240. Kwa kipimo cha kuotesha vijidudu huchukuliwa mililita 1 au 2, na kwa vipimo vingine matone machache. Toeni wenyewe, mwone zinazobaki. Ni kweli kwamba mtoto mdogo sana, aliyezaliwa kabla ya wakati, aweza kupungukiwa damu akichukuliwa mara nyingi mno, na wauguzi wenye uangalifu huliangalia jambo hilo. Lakini huyu wetu alikuwa mtoto wa miezi tisa, mwenye kilo zake.

Taabu ni hii: mtoto mchanga akipumua vibaya, mganga hawezi kuijua sababu kwa macho. Huenda ni maji ya mapafuni tu. Mtoto akiwa tumboni mapafu yake yamejaa maji, na kwa wengine, hasa waliozaliwa kwa kupasuliwa mama, maji hayo hukawia kukauka. Siku mbili tatu zikipita, wamepona. Huenda mtoto amezaliwa mapema, na mapafu yake hayajapata utelezi unaoyazuia yasinywee. Ugonjwa huo ndio uliomwua Patrick, mwana wa Rais Kennedy wa Marekani, Mkatoliki mwenzetu. Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1963, wiki tano na nusu kabla ya wakati, akabatizwa upesi, akafa baada ya saa 39. Penisilini ya dunia nzima isingalimwokoa, kwani hakuugua vijidudu. Daktari Mary Ellen Avery alikuwa ameonyesha tangu 1959 kwamba ni utelezi huo uliopunguka, lakini ni mwaka 1980 tu ambapo Daktari Fujiwara wa Japani alitangaza kwamba amewatia watoto utelezi huo mapafuni na kuwasaidia.

Au tena huenda ni vijidudu vilivyoingia damuni na mapafuni, navyo vyaweza kumwua kitoto kwa siku moja. Sababu hizi zote zina sura moja. Ndiyo maana mganga huchukua damu, kisha haingojei jibu: hupiga ampisilini na jentamisini mara moja.

Damu ile hugawanywa. Nyingine hutiwa katika chupa yenye chakula cha vijidudu na kuwekwa penye joto. Kama vimo vitakua, na mara nyingi vitaonekana kabla ya saa 48 kwisha. Nyingine hupimwa protini iitwayo CRP, waliyoigundua wachunguzi wawili wa New York, Tillett na Francis, mwaka 1930. Ini huitengeneza kwa wingi mwili unaposhambuliwa. Lakini ini haliifanyi kazi hiyo kwa dakika moja. Asubuhi mtoto aweza kuwa na vijidudu damuni, na kipimo kikasema salama. Ni baada ya saa 12 au 24 ndipo protini hiyo hupanda. Hiyo ndiyo sababu ya damu ya mara ya pili. Tena yaweza kupanda kwa ajili ya uzazi mgumu tu. Kwa hiyo mganga haitazami karatasi peke yake, humtazama na mtoto.

Muuguzi akatuonyesha mtoto akinyonya, kifua kimetulia. Chupa haikuotesha kitu, na CRP ilikuwa chini mara zote mbili. «Hata hivyo,» baba akasema, «dawa ikizidi yadhuru nini? Si kinga?»

«Baba,» akajibiwa, «dawa hii si maziwa.» Jentamisini ikizidi huharibu masikio na figo. Antibiotiki huua pia vijidudu vyema vya tumboni, ambavyo mtoto ndiyo kwanza avipate kwa mama yake. Na vile vibaya vinavyosalia hujifunza kuishinda dawa: katika hospitali nyingi za Afrika na Asia, kijidudu kiitwacho Klebsiella mara nyingi hakiogopi tena jentamisini. Lau chupa ingaliotesha kitu, sindano zingaliendelea siku 7, au 10, au zaidi, na hapo mzazi asingalikuwa na ruhusa ya kumwondoa mtoto siku ya tatu eti amepona.

Vituo vingi vya vijijini kwetu havina maabara ya kuotesha damu. Huko muuguzi hupiga sindano kwa kufuata dalili, naye asilaumiwe.

Tunalo jingine, nalo latuuma. Miaka iliyopita kitoto cha jirani, cha siku nne, kilipumua mbio. Nyanya yake alifungua kidonge cha antibiotiki kilichobaki kabatini, akakoroga nusu yake katika maji. Tulikuwapo, tukaona, tukanyamaza kwa heshima ya mzee. Siku mbili nyumba nzima ikadhani dawa yafanya kazi. Siku ya tatu tulimzika.

Basi, mama, ukifika hospitalini usifiche kitu: kama maji yalipasuka zaidi ya saa 18 kabla ya kuzaa, kama ulikuwa na homa, kama umemeza dawa. Na nyumbani, mtoto akitulia, mfunue kifua na kuhesabu pumzi zake. Hesabu dakika nzima kwa saa, si nusu dakika, maana watoto wachanga hupumua kwa haraka, kisha hupumzika kidogo, kisha huanza tena. Zikifika 60, hesabu mara ya pili. Zikiwa 60 tena au zaidi, au kifua chabonyea ndani, au aguna, au midomo imekuwa buluu, au amekataa ziwa, mfunge kifuani pako apate joto, uende hospitalini usiku huo huo.