Afya ya akili ya wanariadha isipuuzwe

SAMUEL Wanjiru alikuwa na umri wa miaka 21 aliponyakua dhahabu ya marathoni katika Olimpiki ya Beijing mwaka wa 2008, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo. Hata miaka mitatu haikuwa imetimia alipoaga dunia Mei 2011, baada ya kuanguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu. Kwa miezi kadhaa kabla ya hapo, misukosuko ya ndoa yake ilikuwa imeanikwa magazetini.

Si haki kubashiri yaliyomkuta usiku huo. Hata hivyo, mashaka ya kazi yake yanafahamika na wanariadha wengi. Kijana aliyelelewa katika ufukara hushinda mbio moja, akapata mamilioni ya pesa na kugeuka tegemeo la ukoo mzima. Hana mshahara wala pensheni. Akiumia mguu, zawadi hukatika, mkataba wa viatu huenda ukapunguzwa na marafiki wakatoweka.

Mwaka wa 2021 jijini Tokyo, mwanasarakasi wa Marekani Simone Biles alijiondoa katika fainali ya timu ili kulinda afya yake ya akili. Walikuwepo waliomwita mwoga. Mwaka wa 2024 alirejea jijini Paris na kutwaa dhahabu tatu.

Je, Mkenya angethubutu kufanya hivyo? Mwishoni mwa 2022, serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano kupambana na dawa za kusisimua misuli. Mwanariadha wa daraja la juu hulazimika kueleza atapatikana wapi kila siku, na wapimaji humfuata hadi kambini Iten au Kaptagat. Kama mpimaji anaweza kufika huko, mshauri nasaha pia anaweza.

Lakini mshauri huyo asiwe chini ya kocha, meneja wala maafisa wa riadha. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mwanariadha atayafichuaje maradhi yake iwapo anayemsikiliza ndiye anayechagua timu?

Serikali na wasimamizi wa riadha wawaajiri washauri huru, wawalipe, na kuwalazimisha kisheria kutunza siri. Wakenya hushangilia bendera inapopandishwa. Sharti pia wamtunze aliyeifikisha huko.