Figo Zinaposhindwa Kabisa

Akina mama wapendwa, mwezi huu tuzungumzie ugonjwa wa figo uliofikia mwisho, pale figo zinaposhindwa kabisa kusafisha damu. Mara nyingi chanzo ni shinikizo la damu au kisukari kisichotibiwa vizuri.

Zamani waliohitaji figo mpya walipelekwa nje, hasa India. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza pia. Kwetu Singida hii ni nafuu, maana Dodoma ni karibu kuliko Dar es Salaam. Lakini ndugu wa kutoa figo si rahisi kumpata, na aliyepandikizwa hunywa dawa siku zote ili mwili usiikatae figo ile.

Kwa hiyo wengi huishi kwa mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Hebu tufikirie nyumba hiyo: nauli itoke wapi, nani apalilie alizeti, nani abaki na watoto? Mgonjwa hurudi amechoka, na baadaye huanza kusema, "Nawamaliza." Neno hilo tusilipuuze. Tukae naye, tumsikilize, na tumwachie kazi anayoiweza, hata kuchambua mboga, ajione bado ni mtu wa nyumbani.

Tuzingatie haya:

1. Maji, chai na uji vipimwe kama alivyoelekezwa.

2. Chumvi ipunguzwe. Ndizi, machungwa na viazi tuulize kwanza. Vikizidi huweza kudhuru moyo.

3. Mkono uliotengenezewa njia ya mashine usibebe ndoo wala kuni, wala usipimwe presha.

4. Dawa za maumivu na za mitishamba asipewe bila kumwuliza daktari.

Wapo wanaopata nafuu wakaacha mashine, wakisema wamepona. Dada, nafuu ile inaletwa na mashine yenyewe. Akiiacha, sumu hujaa tena, na maisha yake huhesabiwa kwa siku au wiki. Tuombe, na safari ya hospitali tusiikatishe.

Nasi tulio wazima tupime presha na sukari, pamoja na baba watoto. Figo huharibika kimya kimya, tukidhani ni uchovu wa shamba.