Kisu cha Mweka Hazina

Msomaji, itazame soketi ya umeme iliyo ukutani mwa darasa lako, au ya duka lililo karibu nawe. Ina matundu matatu. La juu ni kubwa kuliko mawili ya chini. Nawe ukichungulia yale mawili ya chini huoni shaba iliyo ndani, kwa kuwa yamezibwa na vilango vidogo. Vilango hivyo havifunguki mpaka mguu mrefu wa plagi uingie kwanza katika tundu la juu. Mtoto atambaaye sakafuni, akichokoa tundu la chini kwa msumari, hukuta njia imefungwa.

Ni nani aliyeamuru iwe hivyo? Si mfalme, si waziri, wala si mwenye kiwanda aliyejaliwa huruma. Jambo hili lilifikiriwa mezani, na watu waliokalishwa kamati. Katika mwaka 1942 chama cha wahandisi wa umeme cha Uingereza kiliweka kamati ya watu 20 kushauriana jinsi nyumba zitakavyotiwa umeme vita vitakapokwisha. Mwanamke alikuwa mmoja tu kati yao, Caroline Haslett, naye alishikilia kwamba usalama wa watoto wadogo usiachwe nyuma. Ripoti ya kamati ikatoka mwaka 1944. Kiwango chenyewe, kiitwacho BS 1363, kikatangazwa mwaka 1947. Plagi na soketi tuzitumiazo Kenya hata leo ni za kiwango hicho.

Sasa uangalie wakati ule ulivyokuwa. Mabomu yalikuwa yamekwisha bomoa mitaa mizima ya London, chakula kiligawanywa kwa kadi, na kila senti ilitafutwa kwa ajili ya vita. Kama kulikuwa na siku ya haki ya kusema, "Kazi hii ingoje," basi siku zile ndizo. Lakini haikungojeshwa. Watu walioweza kusingizia vita hawakusingizia vita.

Nimeitanguliza habari hii kwa sababu nataka kushindana na desturi moja mbaya. Vyama vya wataalamu, kama vile vya wahandisi, wapima ardhi, wajenzi na mafundi, hufanya mambo mengi. Huandaa mikutano na karamu, hutoa nishani, huchapisha majarida yenye picha za viongozi wao. Pamoja na hayo hutunga viwango, yaani maandishi yasemayo waya uwe na unene gani, saruji ichanganywe kwa kadiri gani, ngazi ya kukimbilia moto iwe na upana gani. Mwaka wa shida ufikapo, ada zikapungua na wafadhili wakakunja mikono, mweka hazina hutoa kisu. Mara nyingi kisu hicho hupita juu ya karamu bila kuigusa, kikashuka juu ya viwango.

Serikali nazo hazina usafi katika jambo hili. Katika mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza mwaka 1929, Ofisi ya Taifa ya Vipimo ya Marekani ilipunguziwa fedha, na mwaka 1933 wafanyakazi wake wengi waliachishwa kazi. Desturi hii, basi, si ya nchi moja wala ya kizazi kimoja. Huja na udhuru tatu, nami nitazijibu moja moja.

Udhuru wa kwanza husema: kazi hii haina matunda yanayoonekana. Nakiri kwamba hayaonekani. Lakini je, kisichoonekana hakipo? Tarehe 20 Machi 1905, katika mji wa Brockton, jimbo la Massachusetts, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Grover walikuwa kazini asubuhi. Boila, yaani pipa kubwa la chuma lichemshalo maji yawe mvuke, likapasuka. Likapaa likatoboa sakafu na paa, jengo likaporomoka, na moto ukawawakia waliofukiwa. Watu 58 walikufa. Hawakuwa wa kwanza. Nyuma yao, mwezi wa Aprili 1865, boila za meli iliyoitwa Sultana zililipuka katika mto Mississippi, wakafa watu zaidi ya 1,000.

Baada ya msiba wa Brockton, jimbo la Massachusetts lilitunga sheria ya boila mwaka 1907. Majimbo mengine yakaanza kutunga zao, kila moja na yake, hata boila iliyokubaliwa upande huu wa mpaka ikawa haramu upande wa pili. Ndipo chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, kiitwacho ASME, kilipoteua kamati mwaka 1911. Kamati ikaeleza chuma kiwe cha namna gani, kiungwe vipi, na kijaribiwe kwa nguvu gani kabla ya kutiwa moto. Kitabu cha kwanza, toleo la 1914, kilikuwa na kurasa 114. Leo kimekua kikawa rafu nzima ya vitabu, na nchi nyingi hukifuata.

Mweka hazina ataiandika wapi faida ya kitabu hicho? Katika daftari la hesabu hakuna mstari usemao, "Leo watu 58 hawakufa." Karamu ina picha, nishani ina makofi, lakini boila isiyopasuka haina habari. Mtu apimaye thamani ya kazi kwa kelele zake atakuwa na haki ya kuikata kazi hii. Apimaye kwa roho zilizookoka hana haki hiyo.

Udhuru wa pili husema: kazi imekwisha. Vitabu vimeandikwa, tena wakubwa wa Ulaya na Marekani wanavyo. Tuvichukue tu, tuokoe fedha zetu. Kuazima si aibu, nami nimekwisha isifu soketi ya kuazima. Lakini yatazame yaliyotupata sisi wenyewe katika ujenzi. Sheria ndogo za ujenzi za Kenya zilitolewa mwaka 1968, na nyingi zilifuata mfano wa Uingereza, nchi yenye baridi na theluji. Marekebisho yalifanywa mwaka 1995 ili vifaa vya bei nafuu viruhusiwe. Lakini kwa jumla sheria zile ziliendelea kuwa msingi wa ujenzi kwa zaidi ya nusu karne, mpaka zilipotolewa Kanuni za Taifa za Ujenzi za 2024. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1968 alisoma, akaoa, akajenga, akapata wajukuu, na kitabu cha kumwongoza mjenzi wake kilikuwa kile kile. Katika miaka hiyo paneli za jua zilipanda juu ya mapaa yetu, na magorofa yakasongamana mahali palipokuwa mashamba. Kitabu hakikuyajua mambo hayo, kwa kuwa kiliandikwa kabla hayajawa.

Kiwango si jiwe la kaburi litakalosimama milele likiisha kuchongwa. Ni shamba, lisipopaliliwa humea magugu. Ndiyo maana kile kitabu cha boila hutolewa upya kila miaka miwili, ingawa mvuke ni ule ule. Chuma hubadilika, mashine hubadilika, na ajali mpya hufundisha somo jipya. Akatazaye fedha za palizi kwa kuwa mbegu zilikwisha pandwa, na angoje mavuno yake. Na nchi isiyokuwa na watu wake wa kuupima udongo wake, mvua zake na miti yake, itaazima mpaka lini? Wahenga walinena: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Udhuru wa tatu ni mtamu kuliko yote, kwa hiyo ni wa kuogopwa zaidi. Husema: chama kisitoe fedha; wataalamu wajitolee, na makampuni yanayowaajiri yagharimie safari na siku zao. Kujitolea ni jambo la heshima, na wengi wajitoleao ni watu waaminifu. Lakini mkono mtupu haulambwi. Chama kisipokuwa na fedha za kuajiri makatibu wa kuchunguza kila jibu, na za kumsafirisha mtu asiye na kampuni nyuma yake, kamati itabaki na wale wenye faida ya kuwamo.

Yaliyokipata kile chama cha ASME yanatosha kuwa funzo. Kampuni ya McDonnell & Miller ilikuwa mashuhuri kwa kifaa kizimacho moto wa boila maji yapunguapo. Kampuni ndogo, Hydrolevel, ikaleta kifaa cha namna mpya, na mwaka 1971 ikampata mteja mkubwa aliyekuwa akinunua kwa McDonnell & Miller. Sasa sikiliza. Ofisa mmoja mkubwa wa McDonnell & Miller alikuwa makamu mwenyekiti wa kamati ndogo ya chama iliyoshughulika na boila. Kampuni hiyo ikapeleka barua chamani kuuliza kama kifaa chenye kukawia kidogo kabla ya kuzima moto kinapatana na kanuni. Mwenyekiti wa kamati ndogo alikuwa ameshiriki kuitengeneza barua ya kuuliza. Ndiye pia aliyetunga jibu. Jibu likatoka chini ya jina la chama, likakitilia shaka kifaa kipya, na wauzaji wa McDonnell & Miller wakatembea nalo kwa wateja. Biashara ya Hydrolevel ikaharibika. Kesi ilipofika Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, mwaka 1982, mahakama iliamua kwamba chama chenyewe kinawajibika, maana kiliwapa watu wale nguvu ya jina lake.

Hapo ndipo udhuru wa tatu unapoanguka. Kazi ya viwango haiwi bure hata siku moja. Asipoilipia chama atailipia mwingine, na huyo mwingine atataka thamani ya fedha yake. Ataipata wapi, ila katika maneno ya kitabu?

Sisemi kwamba kila senti iliyotumiwa na kamati ni takatifu. Kama kamati hukutana katika hoteli ya pwani wakati chumba cha shule kingetosha, na ikatwe hoteli. Kama watu 30 husafiri kwa kazi ya watu 9, na wapunguzwe. Kama kamati imekaa miaka 5 bila kutoa ukurasa mmoja, na iulizwe. Kukata mafuta si kosa. Kosa ni kukata mshipa ukauita mafuta.

Utasema, "Mwalimu, mimi ni mwanafunzi, haya yananihusu nini?" Yanakuhusu kwa njia mbili. Kwanza, unalala chini ya paa ulilojengewa na watu usiowajua, unapanda basi ambalo breki zake hukuzipima, na unakunywa dawa ambayo hukuichanganya. Uhai wako umewekwa mikononi mwa maandishi ya watu wa kamati, utake usitake. Pili, hutabaki mwanafunzi siku zote. Miongoni mwenu wanaosoma kurasa hizi wamo wahandisi, wauguzi, mafundi wa umeme na wapima ardhi wa kesho. Mtaingia vyamani, mtalipa ada, na siku moja mtaketi katika mkutano mkuu ambapo makadirio ya fedha yatasomwa haraka haraka, watu wakiwa na njaa ya chakula cha mchana.

Siku hiyo usinyamaze. Inua mkono uulize: kamati za viwango zimetengewa kiasi gani, na karamu kiasi gani? Ni nani anayelipa nauli ya wajumbe, na anauza bidhaa gani? Toleo la kitabu tunachokifuata ni la mwaka gani? Pengine utachekwa, pengine mwenyekiti atakutazama kama mtu aliyechelewesha chakula. Vumilia. Karamu ikikatwa, watu watarudi nyumbani wakale ugali wao. Viwango vikikatwa, gharama haitalipwa na waliokuwa mezani siku ile. Italipwa na mtu asiyepata kusikia habari za mkutano wenyewe: kibarua aliyesimama karibu na boila, mpangaji wa gorofa ya chini, mtoto atambaaye sakafuni. Hao hawana kura katika mkutano. Piga wewe kwa niaba yao.