Hana Stresi Huyo, Anaumwa

Nilikuwa kimya kidogo, testi zilibana. Leo sina habari za mgomo wala za bumu kuchelewa, nina la moyoni. Kuna swali moja hapa chuoni natamani tulipumzishe: "Kwani ana shida gani?"

Mtu yuko kitandani wiki ya tatu. Vipindini haendi, kuoga mpaka akumbushwe, wali maharage anaugusa tu na kijiko. Washkaji wanakaa kikao pale kimbweteni kutafuta sababu. Kaachwa na demu? Kafiwa? Kala sapu? Wakikosa sababu wanahitimisha kuwa ni mvivu, anajidekeza. Wakiipata, wanahitimisha vilevile: aah, kumbe demu tu, atazoea. Yaani sababu ikiwepo si mgonjwa, isipokuwepo si mgonjwa. Sasa huyu mtu aumwe lini jamani?

Magonjwa ya hisia hayatambuliwi kwa ukubwa wa shida iliyompata mtu. Yanatambuliwa kwa yanavyombadilisha, na kwa muda gani. Daktari anayetafuta sonona anataka kujua kama huzuni, au kule kukosa hamu hata ya vitu ulivyokuwa unavipenda, kumekaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi. Halafu anauliza usingizi, kula, nguvu, akili kushindwa kutulia kwenye ukurasa mmoja, kujiona hufai, kufikiria kifo. Unaweza kuwa na sababu nzuri kabisa ya kuhuzunika na bado ukawa unaumwa. Unaweza pia usiwe nayo hata moja.

Na sonona siyo lazima ilie machozi. Kwetu huku mara nyingi inasema kwa mwili: kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, "sina nguvu tu dokta". Unapimwa malaria, haipo, basi itakuwa yutiai (hiyo haikosekanagi!), unarudi hosteli na mfuko wa dawa. Ukisema una mawazo, unaambiwa punguza mawazo. Hili neno "mawazo" linabeba mizigo mingi mno. Anayewaza kodi ya gheto ana mawazo, na ambaye kichwa kinamwambia usiku kucha kwamba heri asingezaliwa, naye ana mawazo. Hao si wagonjwa wa aina moja.

Lakini kinachonikera zaidi ni upande wa pili, ule tunaoupigia makofi. Kuna jamaa tulikaa naye bloku moja mwaka wa kwanza (nimebadilisha hili na lile asijulikane). Semista ya kwanza alikuwa staa. Analala saa mbili au tatu kwa usiku, asubuhi yuko fiti kuliko sisi. Anaongea kama redio, ana mipango ya kampuni tatu, anagombea uongozi, bumu la miezi miwili kalimaliza ndani ya siku nne: spika, viatu, chipsi kuku kwa bloku nzima. Wakampa jina la Mheshimiwa. Ukimwambia apunguze, anakuwa mbogo. Semista ya pili akaanguka, hakuamka kitandani, na hapo ndipo watu wakasema "kaanza kuumwa".

Kaanza wapi! Alikuwa anaumwa tangu zile chipsi. Huo ndio ugonjwa wa baipola, hisia zinapanda kupita kiasi halafu zinaporomoka, na mara nyingi unaanza mwishoni mwa ujana wa shule au miaka ya ishirini na kitu, yaani umri wetu huuhuu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 40 walikuwa nao. Usichanganye na mtu anayekesha kupiga msuli: huyo testi ikiisha analala kama gogo. Mwenye kupanda hatafuti usingizi na wala hachoki.

Hii si habari ya kujifurahisha tu. Mgonjwa wa baipola huenda hospitali akiwa chini, kwa sababu akiwa juu hajioni mgonjwa. Daktari akiona sonona peke yake anaweza kumpa dawa za sonona, na hizo zikitolewa peke yake zinaweza kumrusha juu tena. Kwa hiyo wewe unayemsindikiza, usiishie kusema "halii, hali, analala tu". Simulia na zile usiku zake za kutolala, na zile spika.

Chanzo ni nini? Hakuna kimoja. Damu ya ukoo ipo, hasa kwenye baipola, lakini hata mapacha wa kufanana kabisa mmoja anaweza kuugua mwingine asiugue. Mateso ya utotoni, msiba, kujifungua, pombe, bangi, tezi ya shingoni isiyofanya kazi vizuri, vyote vimo. Ile hadithi rahisi kwamba sonona ni serotonini kupungua ubongoni ilipata pigo mwaka 2022, pale Joanna Moncrieff na wenzake huko Uingereza walipopitia tafiti nyingi wasione ushahidi wa kuiunga mkono. Haina maana kwamba dawa ni bure. Kichwa hakiumi kwa upungufu wa Panadol, na Panadol inakituliza. Kwa mwenye baipola, kukosa usingizi tu kunaweza kumwamsha ugonjwa, ndiyo maana mimi hizi sifa za kukesha tunazopeana sizipendi.

Wanaosema karogwa au ana pepo, sitabishana nao leo. Ombeeni, ila mkitoka kwenye maombi mpelekeni hospitali. Na siyo kila anayeonana na daktari wa akili anafungiwa Mirembe. Wengi wanaonwa, wanapewa dawa au ushauri, wanarudi kula ugali nyumbani siku hiyohiyo. Mkihisi anafikiria kujiua, muulizeni wazi. Kumuuliza hakumtii wazo kichwani, linakuwepo au halipo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, vidonge na vitu vya hatari viondolewe, aende hospitali usiku huohuo, habari ya kusubiri Jumatatu iachwe.

Sasa nyie wakubwa wa utawala, kama kuna mmoja anasoma hapa. Aliyevunjika mguu anaahirisha mitihani kwa kuonyesha plasta. Huyu Mheshimiwa wetu alifika ofisi moja na barua ya daktari, akaambiwa "mbona wewe mzima?" Ilibidi baba yake asafiri kutoka mkoani ndipo barua ikasomwa, siku mbili kabla hajadisko. Je, ambaye baba yake hana nauli? Barua ya daktari isomwe kama barua ya daktari, ndiyo tunaloomba, halina gharama hata senti.

Alirudi mwaka uliofuata. Siku hizi saa nne usiku taa ya chumba chao inazimwa, na mwenye kutaka kukesha anabeba madaftari yake anahamia kimbweteni.