Taa ya Onyo ni Shahidi, si Hakimu

Miongoni mwa gharama zinazozikabili ofisi, shule na karakana zinazotumia kompyuta za mezani, iko moja isiyoonekana katika daftari lolote la hesabu, nayo ni gharama ya kubadilisha vifaa ambavyo havikuharibika. Kompyuta huwashwa, mapangaboi yake yakazunguka, lakini skrini ikabaki nyeusi. Kifuniko cha ubavuni kinapoondolewa, juu ya bodi kuu huonekana taa ndogo isiyozimika, na kando yake herufi chache: CPU, DRAM, VGA au BOOT. Fundi mwenye haraka huzisoma herufi hizo kama hati ya hukumu. Taa ikiwaka penye DRAM, basi kumbukumbu imekufa, na inunuliwe nyingine. Ikiwaka penye CPU, basi prosesa imeungua, na pengine ni heri kompyuta nzima iandikwe kuwa chakavu.

Usomaji wa namna hiyo ni kosa la kisayansi kabla haujawa kosa la fedha. Taa ya onyo haisemi ni kifaa gani kilichoharibika. Husema tu kwamba ukaguzi wa kompyuta umekwama katika hatua fulani. Baina ya kauli hizo mbili pana tofauti kubwa, na tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kufundishwa kwa kila mtu anayekabidhiwa bisibisi.

Asili ya taa hizo

Kompyuta haianzi kazi mara tu umeme unapoingia. Kwanza hujikagua. Kompyuta binafsi ya kampuni ya IBM, iliyotolewa mwaka 1981, ilijikagua kila ilipowashwa, na ilipojikuta salama ilitoa mlio mmoja mfupi. Milio ya namna nyingine ilikuwa ishara ya hitilafu. Mwaka 1984 ilipotolewa kompyuta ya IBM iliyojulikana kwa jina la AT, ukaguzi huo ulianza kutoa pia namba ya kila hatua, na fundi aliyekuwa na kadi maalumu aliweza kuisoma namba hiyo na kujua mahali kazi iliposimama. Taa nne za bodi za siku hizi ni wajukuu wa milio na namba hizo. Kampuni ya ASUS huziita Q-LED, na MSI huziita EZ Debug LED. Rangi zake hazilingani baina ya kampuni na kampuni, kwa hiyo yafaa fundi asome herufi zilizochapwa kando ya taa, asiitegemee rangi peke yake.

Sababu ya kutumia taa badala ya maandishi ni nyepesi kueleweka. Ukaguzi hufuata mpangilio. Kwanza kisanduku cha umeme, ambacho mafundi hukiita pawasapulai, huiarifu bodi kwamba umeme umetulia. Kisha prosesa huamshwa na kuanza kutekeleza programu ya msingi iliyohifadhiwa katika bodi yenyewe, yaani Bayosi. Hapo kumbukumbu hutafutwa na kupimwa, halafu kadi ya michoro, na mwisho diski yenye mfumo wa uendeshaji. Kabla hatua ya michoro haijapita, kompyuta haina skrini ya kuandikia lolote. Taa ndiyo ulimi wake wa pekee wakati huo, na ulimi huo unajua maneno manne tu.

Katika kompyuta iliyo nzima, taa hizo huwaka moja baada ya nyingine kwa muda mfupi na kuzimika. Kwa hiyo taa kuwaka si dalili ya ubovu. Inayostahili kuangaliwa ni ile iliyogoma kuzimika.

Mahali taa inapopotosha

Mfano ulio bora ni taa ya DRAM, kwa kuwa ndiyo inayowafanya watu wengi kukimbilia dukani. Zamani, chombo cha kuiongoza kumbukumbu kilikuwa katika bodi, mbali na prosesa. AMD ilikihamishia ndani ya prosesa mwaka 2003, na Intel ikafanya hivyo katika prosesa zake za mezani mwaka 2008. Tangu hapo, njia zote za kwenda kwenye kumbukumbu hupita katika soketi ya prosesa. Soketi ya Intel iliyotolewa mwaka 2021 ina pini 1,700, na ile ya AMD ya mwaka 2022 ina pini 1,718, zote nyembamba mno na rahisi kupinda. Ikipinda pini moja ambayo kazi yake ni kupitisha mawasiliano ya kumbukumbu, taa itakayowaka ni ya DRAM, ilhali vibao vya kumbukumbu ni vizima kabisa. Hata kipoza joto kilichokazwa upande mmoja kuliko mwingine chaweza kuleta dalili hiyohiyo. Mwenye kununua kumbukumbu mpya katika hali hiyo atairudisha kompyuta mezani na kuikuta taa ileile ikimtazama.

Uko pia upotovu unaoletwa na kukosa subira. Kumbukumbu za aina ya DDR5, ambazo kanuni zake zilichapishwa mwaka 2020, hulazimika kupimwa na kulinganishwa na bodi zinapowekwa kwa mara ya kwanza. Kazi hiyo huweza kuchukua dakika kadhaa, na muda wote huo taa ya DRAM huwaka na skrini huwa nyeusi. Mtu anayekata umeme baada ya nusu dakika huikatiza kazi hiyo, na akiwasha tena huanza upya. Akirudia mara tatu, hutangaza kwamba kompyuta imekufa, kumbe hakuipa nafasi ya kumaliza.

Taa ya CPU nayo ina mitego yake. Prosesa hupata umeme kwa waya wake wa peke yake, kwa kawaida wenye plagi ya pini nane, mbali na ile plagi kubwa ya pini 24 inayolisha bodi. Waya huo ukisahauliwa, mapangaboi yatazunguka na taa zitawaka, lakini prosesa haitaamka. Tena, prosesa mpya huweza kuwekwa katika bodi ya zamani kidogo ambayo Bayosi yake haijapata kuitambua. Vyote viwili ni vizima, ila havifahamiani. Mwaka 2018 AMD ililazimika kuwaazima baadhi ya wateja prosesa za zamani ili waweze kuwasha bodi zao na kuziwekea Bayosi mpya. Wateja hao wangaliamini kwamba taa ni hukumu, wangalitupa vifaa ambavyo havikuwa na dosari yoyote.

Kuhusu taa ya VGA, mara nyingi kosa liko katika waya. Kadi ya michoro yaweza kuwa haikuzama sawasawa mahali pake, au imenyimwa waya wake wa umeme. Aidha, ziko prosesa zisizo na uwezo wa michoro ndani yake, mathalani zile za Intel ambazo majina yake huishia na herufi F, zilizoanza kuuzwa mwaka 2019. Bodi yenye prosesa ya namna hiyo haitatoa picha bila kadi ya michoro, na waya wa skrini hauna budi kuchomekwa katika kadi hiyo, wala si katika bodi. Taa ya BOOT ndiyo isiyotisha kuliko zote, kwa sababu ina maana kwamba prosesa, kumbukumbu na michoro zimekwisha kupita. Linalokosekana ni diski, au mfumo wa uendeshaji ndani ya diski, au amri sahihi ya diski ipi itangulie.

Utaratibu unaostahili

Yote hayo yanaonyesha kwamba kutafuta hitilafu ni uchunguzi, na uchunguzi una kanuni zake. Swali la kwanza si "Kifaa gani kimekufa?" bali "Ni jambo gani limebadilika tangu kompyuta ilipofanya kazi mara ya mwisho?" Kompyuta iliyohamishwa kwa gari katika barabara mbovu haishukiwi kwa namna moja na iliyoongezewa kumbukumbu jana, wala na ile iliyozimika ghafla umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu.

Baada ya swali hilo, waya wa umeme uchomolewe ukutani, na mchunguzi aguse chuma kitupu cha kasha ili umeme tuli wa mwilini mwake usiumize bodi. Plagi zote za umeme zikaguliwe. Vibao vya kumbukumbu vichomolewe, ncha zake zifutwe kwa kitambaa laini kikavu, na virudishwe mpaka viteleze na kubana. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ambako hewa ina unyevu na chumvi, na hata bara kwenye vumbi jingi, tendo hili dogo si la kudharauliwa, kwa kuwa kutu na uchafu wa ncha huweza kukatiza mawasiliano bila kifaa chochote kufa.

Taa ikiendelea kuwaka, kompyuta ipunguzwe mpaka ibaki na vile tu ambavyo haiwezi kuamka bila navyo: umeme, prosesa na kipoza joto chake, kibao kimoja cha kumbukumbu katika nafasi iliyotajwa na kitabu cha bodi, na njia moja ya picha. Mipangilio ya Bayosi irudishwe ya kiwandani kwa kufuata kitabu hicho. Katika bodi nyingi hatua hii hufanyika pia kwa kuitoa ile betri ya duara ya volti 3, aina ya CR2032, kwa dakika chache waya wa umeme ukiwa umechomolewa. Hapo ndipo kifaa kimoja kimoja hurudishwa, na kila kirudishwapo kompyuta huwashwa. Kanuni kuu ni kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, na kuandika matokeo yake. Mwenye kubadilisha mambo matatu kwa pamoja, hata akifaulu, hajui alilolitengeneza.

Kimoja tu kisiguswe na asiye na ujuzi wake: ndani ya kisanduku cha umeme. Umeme wa volti 230 ukigeuzwa humo hufikia kiasi cha volti 325, na vihifadhi umeme vyake vyaweza kubaki na nguvu ya kudhuru hata baada ya waya kuchomolewa. Kisanduku kinachoshukiwa hujaribiwa kwa kuweka kingine, wala hakifunguliwi.

Hoja ya wenye haraka

Wako watakaosema kwamba utaratibu huu ni wa darasani, na kwamba fundi mwenye wateja kumi mlangoni hana muda wa kuandika matokeo. Hoja hiyo ina uzito wake, wala haipasi kupuuzwa. Ni kweli kwamba kuweka kifaa kingine mahali pa kinachoshukiwa ni njia ya haraka, tena ni njia halali ya kisayansi. Lakini ni halali pale tu kifaa kinachowekwa kinapojulikana kuwa ni kizima, na kile kilichotolewa kinapojaribiwa katika kompyuta nyingine kabla ya kulaaniwa. Bila masharti hayo mawili, kubadilisha huwa ni kubahatisha kwa fedha za mteja. Zaidi ya hayo, dakika kumi za kukaza plagi na kusafisha ncha ni fupi kuliko safari moja ya kwenda kutafuta kipuri.

Hasara yenyewe haiishii mfukoni mwa mteja. Ripoti ya kimataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba katika mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki, na isiyofika robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kila bodi iliyo nzima inayotupwa kwa sababu ya pini iliyopinda au waya uliosahauliwa huongezwa katika lundo hilo, pamoja na risasi, shaba na dhahabu iliyomo. Nchi inayonunua vifaa vyake kwa fedha za kigeni haina sababu ya kuharakisha safari ya vifaa hivyo kwenda jalalani.

Dawa ya jambo hili haihitaji mitambo mipya. Vyuo vya ufundi havina budi kuwatahini wanafunzi katika kutafuta hitilafu, si katika kuunganisha vifaa peke yake. Mwanafunzi apewe kompyuta iliyotegwa kosa, na alama zake zitokane na mpangilio wa uchunguzi wake kama zinavyotokana na jibu. Ofisi na shule ziweke kitabu cha bodi pamoja na kila kompyuta, na zikatae kukiandika kifaa chochote kuwa chakavu mpaka kiwe kimejaribiwa katika kompyuta ya pili na kushindwa. Watengenezaji nao wangepaswa kukubaliana juu ya rangi na mpangilio mmoja wa taa hizi, kama vile nyaya za umeme wa majumbani zilivyo na rangi zinazoeleweka. Na jedwali la maana za taa, hatua za kwanza na tahadhari zake likiandikwa kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani katika kila karakana, litakuwa na faida kuliko kabati la vipuri vilivyonunuliwa kwa kubahatisha.

Taa ndogo ya bodi hutoa ushahidi wa kweli kila inapowaka. Inaeleza mahali kazi iliposimama, na hapo ndipo ujuzi wake unapokoma. Kuanzia hapo, kazi ya kuamua ni ya fundi mwenyewe, naye apimwe kwa uchunguzi alioufanya kabla ya kutaja bei ya kipuri.