Mapenzi ya Gemu Hayalipi Kodi ya Nyumba

Kuna sentensi moja imenichosha: "Nyinyi mna bahati, mnalipwa kucheza gemu." Nimeambiwa na mjomba kwenye harusi, na konda wa 46, na kinyozi wangu. Hao siwakasirikii, hawajui. Lakini siku niliyoisikia kutoka kwa bosi wangu, miezi mitatu tangu anilipe mara ya mwisho, niliapa kwamba siku moja nitaandika haya. Basi siku yenyewe ndiyo leo.

Ninachosema ni kifupi. Gemu kupendwa si ushahidi kwamba walioitengeneza walitendewa haki. Na hapa Nairobi, ambapo studio za gemu bado ni za kuhesabu kwa vidole, tumeanza kuiga tabia mbovu za studio kubwa kabla hata hatujaonja pesa zao.

Nilikulia Kawangware, nyuma ya steji ya 56. Kibanda cha PS cha mtaa wetu kilikuwa cha mabati: televisheni nne zenye mgongo mkubwa, PlayStation 2 nne, na benchi moja ambayo msumari wake ulichana suruali za kizazi kizima. Mechi moja ya FIFA ilikuwa ashu. Ukifungwa, unaachia mwenzako padi, hakuna kujitetea. Mama akinituma sukari nikakawia, alijua pa kunitafuta.

Jumamosi moja jamaa mmoja mkubwa alimaliza San Andreas yote, jambo ambalo sisi watoto hatukuwahi kuliona. Majina yakaanza kupanda kwenye skrini, moja baada ya jingine, mengi ajabu. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba gemu hutengenezwa na watu. Nilidhani inakuja tu, kama mvua. Nikaanza kuyasoma. Mwenye kibanda akanyoosha mkono, akazima mashine. "Majina hayaingizi pesa, kijana. Nani anafuata?"

Hapo ndipo nilipoamua kwamba siku moja langu litakuwa humo.

Miaka mingi baadaye, nikapata kazi ya kuandika programu katika studio ya gemu. Jina lake silitaji, na msijisumbue kukisia. Tulikuwa watu saba katika nyumba ya vyumba vitatu iliyogeuzwa ofisi. Gemu yetu ilikuwa ya mvulana anayeruka juu ya mapaa ya Kibera akiwakimbia kanjo. Trela yake ilipotoka, ilisambaa kila mahali. Watoto wa mtaa wangu walinionyesha kwenye simu zao bila kujua kwamba mimi ndiye niliyemfunza yule mvulana kuruka. Wageni walikuja kupiga picha nasi. Tulipendwa, hilo siwezi kukana.

Ndani kulikuwa na stori nyingine. Kwenye mikataba hatukuitwa wafanyakazi, tuliitwa "washirika". Ni neno tamu hadi siku utakapodai haki yako. Mshirika hana likizo. Mshirika hana Jumapili. Mshirika akiuliza mshahara uko wapi, anajibiwa kwamba sote tuko kwenye mashua moja. Na kila mkutano ulianza na wimbo uleule: sisi ni familia.

Mimi nimetoka kwenye familia. Kwetu, ugali ukiwa mdogo unawekwa katikati ya meza, kila mtu anauona, kisha unagawanywa. Hatujawahi kufungiwa mlango wa jikoni tukaambiwa tuwe na moyo. Ile "familia" ya ofisini haikuwahi kutuonyesha sufuria. Tulijua tu kwamba bosi anasafiri kwenda kwenye makongamano kueleza jinsi vijana wa mitaani wanavyobadilisha maisha yao, na sisi ndio hao vijana, na hatukuwa na nauli ya kurudi nyumbani.

Sasa nikiri kosa langu, maana bila hilo nitakuwa mnafiki.

Msanii wetu wa picha nilimleta mimi. Ni kijana wa Gatwekera, Kibera, niliyemkuta kwenye karakana akichora matatu. Mkono wake ulikuwa wa ajabu. Nilimwambia aache rangi za kupuliza, aje kwenye kompyuta, huku ndiko kuna kesho. Akaja. Kila paa uliloliona kwenye ile trela, kila waya wa umeme wa sambaza, kila nguo iliyoanikwa, ni yeye. Alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Kibera kila asubuhi, na miezi ya mwisho kabla ya gemu kutoka akaacha kutembea kabisa, akawa analala chini ya meza yake.

Mwezi wa pili bila malipo alinivuta kando. "Bro, landilodi ameanza kelele. Nifanye nini?" Nikamwambia, "Vumilia. Tukitoa hii kitu, mambo yatakuwa sawa." Mwezi wa nne, landilodi alitia kufuli yake juu ya ile ya kijana, vitu vyote vikiwa ndani. Siku hiyo hakusema neno. Alikuja, akachukua kikombe chake, akaondoka.

Gemu ilitoka wiki saba baadaye. Jina lake halikuwemo. Nilipouliza, nikaambiwa kwamba orodha ni ya waliofika mwisho.

Msidhani hii ni dhambi ya watu maskini wa Nairobi pekee. San Andreas, gemu iliyonifanya niingie kazi hii, ilitoka Oktoba 2004. Mwezi uliofuata, mwanamke mmoja Marekani alichapisha barua mtandaoni bila kujitaja jina. Mchumba wake alikuwa akifanya kazi EA, kampuni ileile iliyotuletea FIFA. Alieleza saa za kazi zilivyopandishwa hadi ikawa saa tatu asubuhi mpaka saa nne usiku, siku saba kwa wiki, bila malipo ya ziada. Barua ilisomwa dunia nzima. Kesi za wafanyakazi dhidi ya kampuni hiyo zikamalizwa kwa makubaliano, na mwaka 2005 na 2006 EA ililipa jumla ya zaidi ya dola milioni 30 kwa wasanii na waandishi wake wa programu.

Fikiria hilo. Sisi tulikuwa Kawangware tukigombania padi kwa ashu, tukidhani waliotengeneza hiyo kitu wanaishi peponi.

Hata wale wanaopendwa zaidi hawajasalimika. Rockstar ilipokaribia kutoa Red Dead Redemption 2 mwaka 2018, mmoja wa wakuu wake alitamka kwa fahari kwamba walikuwa wamefanya kazi wiki za saa 100. Kelele zilipopigwa, akafafanua kwamba alimaanisha yeye na waandishi wachache wenzake, tena kwa wiki tatu tu. Lakini wafanyakazi wengine walikuwa tayari wameanza kusimulia yao, na ikajulikana pia kwamba studio hiyo ilikuwa na desturi ya kutowaweka kwenye orodha ya majina watu walioondoka kabla gemu haijatoka. Niliposoma hilo nilicheka kwa uchungu. Bosi wetu hakuweza kuiga bajeti yao, lakini hiyo moja aliiweza.

Kuna wanaofanya tofauti. Supergiant Games, studio ya Marekani iliyotoa Hades mwaka 2020, ni ndogo. Ilipoitengeneza ilikuwa na watu kama 20 hivi. Gemu hiyo ilishinda tuzo kibao na watu wanaipenda kama kitu chao. Wale saba waliotengeneza gemu yao ya kwanza, Bastion, mwaka 2011, walikuwa bado wako pale Hades ilipotoka. Tafadhali rudia kuisoma hiyo sentensi. Miaka tisa, gemu nne, hakuna aliyekimbia. Moja ya kanuni zao zilizosifiwa sana ni kwamba kila mtu lazima achukue angalau siku 20 za likizo kwa mwaka.

Siku 20! Waandishi wa ng'ambo waliisimulia kama muujiza. Wakati huohuo, Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi anastahili likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kila mwaka, kwa malipo kamili, na siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi ujira wa haki, mazingira ya kazi yanayofaa, na haki ya kujiunga na chama. Yaani kile ambacho studio inayopendwa duniani inasifiwa kwa kukitoa kwa hiari, sisi tayari tuko nacho kwenye sheria, na siku moja juu. Sisi tulipokonywa kwa neno moja tu: mshirika.

Najua nitajibiwa nini. Wa kwanza atasema: tasnia yetu ni changa, usiiue kwa madai. Nawaheshimu waliofungua njia. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, wakati wengi wetu hatukujua kwamba Mkenya anaweza kutengeneza gemu. Mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti Arts. Mwaka 2015 Nairobi X ikaja na wageni wa anga za juu kuvamia jiji letu. Hao walianza bila kitu. Lakini hesabu mwenyewe: tangu 2007 ni miaka mingapi? Mtoto aliyezaliwa mwaka huo ana kitambulisho sasa. Uchanga una mwisho. Na hata kama tu wachanga kweli, msingi huwekwa wakati gani, kabla ya kuta au baada ya paa?

Wa pili atasema: pesa hazipo. Hapo nakubali nusu. Wakenya wengi hucheza gemu za bure kwenye simu, na studio nyingi huponea kazi za kandarasi na ruzuku. Ukosefu wa pesa si dhambi. Dhambi ni kuuficha, halafu kuuziba kwa usiku wa watu wengine. Kama pesa ni za miezi sita, sema ni za miezi sita. Punguza gemu. Badala ya mitaa kumi, tengeneza mitatu. Kama huwezi kutoa mshahara, toa hisa, kwa maandishi. Gemu isiyoweza kutengenezwa bila mtu kufungiwa keja yake, gemu hiyo haina bajeti, iache.

Wa tatu ndiye ananiudhi zaidi, kwa sababu ni kijana mwenzangu. Yeye husema: kila mtu hapa anahaso, mama mboga hana likizo, mbona wewe udekezwe? Kwanza, mama mboga akiuza sukuma anashika pesa yake jioni ileile. Pili, tangu lini shida ya jirani ikawa sababu ya mimi kuibiwa? Kuhaso ni kujitafutia. Ukimhasolia mtu mwingine bure, jina lake ni lingine.

Na msiniambie haiwezekani kupinga. Tarehe 1 Mei 2023, hapahapa Nairobi, zaidi ya wafanyakazi 150 waliochuja picha na maneno ya kutisha kwa ajili ya Facebook, TikTok na ChatGPT walikutana wakapiga kura ya kuunda chama chao. Hao nao walikuwa wameambiwa kwamba kazi ya kompyuta ni bahati. Wengine walikuwa kortini tayari. Kama wao waliweza kukutana chini ya kampuni za ukubwa huo, sisi wa studio za watu saba tunashindwaje kukutana hata kwa chai?

Basi haya ndiyo ninayoomba kila kijana wa Kibera, Kawangware au kokote ayaulize kabla ya kuketi kwenye kiti cha studio yoyote, hata ile anayoipenda kufa. Mimi ni mfanyakazi au nani? Pesa zilizopo ni za miezi mingapi? Nikiondoka kesho, jina langu litabaki kwenye kazi yangu? Na swali la nne waulize walioacha, usimuulize bosi: waliondoka kwa nini? Studio isiyo na mtu wa zamani anayeweza kuisema vizuri, kimbia, hata trela yake iwe na watazamaji wangapi.

Mimi mwenyewe niliondoka. Deni langu la mshahara bado nalifuatilia. La kijana wa Gatwekera ni kubwa zaidi, kwa sababu sehemu yake ni yangu. Nilimwendea mwezi uliopita. Amerudi karakana. Alikuwa kwenye ngazi, akimalizia mat moja mpya, na nilipomwomba radhi aliniangalia kwa muda kabla ya kujibu.

"Hapa," akasema, "mat haitoki kwenye geti kabla nilipwe."

Kisha akashuka, akachukua mkebe wa rangi nyeupe, akaenda nyuma ya gari, akaandika jina lake kando ya mlango.